Kashata za dengu zisigeuzwe peremende

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu kashata za dengu, kitafunwa ambacho siku hizi kinazungumzwa sana na wazazi, wanamichezo na akina mama wajasiriamali kuwa ni chakula cha kutia nguvu, na ambacho mimi, niliyefundisha sayansikimu hadi kustaafu, nakiunga mkono kwa sharti moja tu: dengu ndizo ziwe chakula, na utamu ubaki kazi yake ni kuzishikanisha. Ninachokiona kwenye sinia zinazopitishwa stendi na kwenye malango ya shule ni kinyume chake. Sukari inayeyushwa mpaka inakuwa shira nzito, dengu chache za kukaanga zinatupiwa ndani, mchanganyiko unamwagwa kwenye sinia, na kinachokatwa hapo kinauzwa kwa jina la lishe ilhali ni peremende yenye dengu za kuhesabika.

Hamu ya kutengeneza vitafunwa hivi naielewa. Katika maduka makubwa ya Mwanza vinauzwa vipande vya kutia nguvu kutoka nje ya nchi, vimefungwa kwa karatasi za kung'aa, na bei ya kipande kimoja kinachoisha kwa dakika mbili inatosha kununua zaidi ya kilo moja ya dengu katika soko la Ngudu. Ukisoma maandishi madogo nyuma ya karatasi utakuta shayiri, karanga au lozi, shira ya sukari ya namna moja au nyingine, mafuta, na mara nyingi unga wa protini iliyotenganishwa kutoka kwenye soya au maziwa. Ukiondoa mashine ya kufungia, sioni hapo kinachoishinda nyumba ya kawaida yenye jiko la mkaa, kinu na mtu mwenye subira.

Kwetu Kwimba, kama ilivyo kwa majirani zetu wa Misungwi, Magu, Maswa na Shinyanga, dengu ni zao la mbuga. Hupandwa mvua za masika zinapoelekea ukingoni, mara nyingi baada ya mpunga au mahindi, katika ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka jua likikaza, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini bila kusubiri mvua nyingine. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake huiongezea ardhi naitrojeni, kwa hiyo hata atakayepanda zao jingine baada yake anafaidika. Pamoja na heri hizo zote, sisi tunazichukulia dengu kama pamba: tukishavuna tunapakia magunia, gari linaondoka, na habari zake tunazisikia tena msimu unaofuata kwa jina la bei. Mnunuzi wetu mkubwa ni India, na bei ya huku hupanda na kushuka kwa kufuata mavuno na sera za huko. Sidai kwamba kashata zinazotengenezwa majikoni zitameza shehena zinazopita bandarini Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba kaya inayolima dengu bila kuzila, huku ikinunua biskuti za watoto dukani, inajipunja mara mbili.

Hao wanaozinunua wanajua wanachokinunua. Bihar, mashariki mwa India, dengu hukaangwa kavu na kusagwa kuwa unga uitwao sattu, ambao wakulima na wafanyakazi wa kazi za sulubu huukoroga kwa maji, chumvi na ndimu, wakashinda nao juani kutwa nzima. Unga wa dengu mbichi nao hukaangwa kwa samli, hutiwa sukari na hiliki, ukafinyangwa kuwa ladu, ambazo wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar wanazijua kutokana na maduka ya vitamu ya Wahindi. Sisi katika yote hayo tumechukua bagia, tukaridhika. Watu wa pwani wametuachia kashata za karanga, za ufuta na za nazi. Kuingiza dengu katika ufundi huo ni hatua fupi, na hauhitaji mtaalamu wa kutoka mbali kutufundisha.

Gramu 100 za dengu kavu zina protini ya takriban gramu 19 hadi 20, wanga wa gramu 60 hivi, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 10, na mafuta gramu 6 tu. Zina pia madini ya chuma, takriban miligramu 4, pamoja na foleti kwa wingi, ile vitamini ambayo mama mjamzito husisitiziwa kliniki. Wanga wake humeng'enywa polepole, ndiyo maana mtu aliyekula dengu asubuhi haanzi kutafuta kitu cha kutafuna saa nne. Protini yake ina kasoro moja, kwamba ina asidi amino iitwayo laisini kwa wingi lakini iitwayo methionini ni kidogo. Ufuta nao uko kinyume, una methionini ya kutosha na upungufu wa laisini, hivyo viwili hivyo vikikutana katika kipande kimoja kila kimoja humfidia mwenzake. Kwa sababu hiyo anayeacha ufuta kwa kuudhani kuwa ni pambo la juu amepunguza thamani ya kashata yake. Ama chuma cha mimea, mwili hukifyonza kwa shida, husaidiwa na vitamini C na huzuiwa na chai. Mimi hutia unga wa ubuyu, ambao una vitamini hiyo kwa wingi na ladha yake ya uchachu huufanya mdomo usidai sukari zaidi, na huwashauri walaji wasishushie kashata kwa chai ya rangi.

Niruhusu sasa nieleze utengenezaji kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mambo mengi huharibika. Kipimo changu cha sinia moja ya vipande 16 ni gramu 250 za dengu zilizokwisha kukaangwa na kupepetwa, ambazo hutokana na dengu kavu gramu 300 na ushee. Karanga za kukaanga gramu 100. Ufuta gramu 50. Siagi ya karanga gramu 100. Asali gramu 150. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu. Na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Asiye na mizani atumie vikombe, mradi asibadili uwiano: asali isifike nusu ya kikombe kwa kila kikombe kimoja na nusu cha dengu.

Dengu za sokoni huuzwa kwa sado, nazo huja na kila kilichokuwa uwanjani zilikopurwa. Zichambuliwe kwenye ungo mchana wenye mwanga, zitolewe mawe, vigimba vya udongo mweusi vinavyofanana nazo kwa rangi na ukubwa, na zote zilizobunguliwa. Nasisitiza vigimba vya udongo kwa sababu havielei wala havionekani kirahisi, na kimoja tu kikisagwa humo sinia nzima italiwa kwa kusagika mchanga menoni. Kama dengu zilihifadhiwa kwa dawa ya unga ya kuzuia wadudu, ni lazima kwanza muda ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa uwe umepita, kisha zioshwe kwa maji ya kutosha zaidi ya mara moja. Na dengu za mbegu zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi hutiwa rangi makusudi ili zitambulike, haziliwi hata zikioshwa siku nzima. Wapo watu ambao mwisho wa msimu hujaribu kuziuza zilizosalia, na mnunuzi anapaswa kuzikataa hapo hapo.

Baada ya kuoshwa zilowekwe usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, na asubuhi maji yale yamwagwe. Maji hayo huondoka na sehemu ya zile sukari ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya na ambazo ndizo chanzo cha gesi, malalamiko ya kwanza ya kila anayeanza kula dengu. Kisha zianikwe juu ya kitambaa safi mpaka ngozi ikauke kabisa. Mtu mwenye haraka huruka hatua hii, akaziweka karaini zikiwa na maji, na matokeo yake ni dengu zilizopikwa kwa mvuke nje na kubaki ngumu ndani.

Kukaanga kunafanyika vizuri zaidi kwa chumvi, kama wanavyofanya baadhi ya wakaanga karanga: chumvi kavu hutiwa katika karai zito, ikishapata moto dengu hutiwa kidogo kidogo, na mwiko hauachi kuzunguka. Moto uwe wa mkaa uliokwisha kutulia. Mkaa unaowaka kwa nguvu huzipa dengu rangi nzuri ya nje ndani ya dakika chache, nayo rangi hiyo ndiyo inayowadanganya wapishi wengi. Kipimo cha kuaminika ni jino. Chukua moja, iache ipoe, kisha ing'ate: ikinata menoni na kuacha harufu ya maharage mabichi, rudi kwenye moto, ikivunjika kwa mlio mmoja mkavu, na kiini chake kikawa na rangi ile ile kuanzia nje hadi katikati, imeiva. Chumvi huchekechwa na kutumika tena siku nyingine. Mwenye oveni azitandaze kwenye sinia kwa nyuzi joto 180 kwa dakika 40 hadi 50, akizigeuza mara kwa mara, na jino liwe mwamuzi vilevile.

Kuiva huku si suala la ladha peke yake. Dengu mbichi, kama mikunde mingine, zina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na moto ndio unaoviharibu. Nimeona maelekezo yanayosambazwa kwa simu yakihimiza kuchanganya unga wa dengu, asali na karanga “bila kupika kabisa”. Maelekezo ya namna hiyo huko yalikotoka huwa yamekusudia dengu zilizokwisha kuchemshwa na kutiwa makoponi, na mtu aliyeyachukua akatumia unga wa bagia wa dukani, ambao ni mbichi, analisha watu kitu kisichoiva. Anayetaka kutumia unga huo aukaange kwanza kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, akikoroga bila kuacha, mpaka harufu ya ubichi iondoke na ije harufu inayokaribia ile ya karanga.

Dengu zikishapoa, zisuguliwe kwa viganja na kupepetwa kwenye ungo. Ngozi zinazotoka zenyewe ziende. Zinazong'ang'ania ziachwe, maana nyuzinyuzi nyingi ziko humo na kashata nyeupe kupita kiasi si kashata bora. Kisha zitwangwe. Nusu iwe chenga za ukubwa wa punje ya mchele na nusu iwe unga. Chenga tupu hazishikani, na unga mtupu hutoa kashata inayokauka mdomoni na kumlazimisha mlaji kutafuta maji kila anapomeza. Karanga nazo ziparazwe tu, na ufuta ukaangwe peke yake kwenye sufuria kavu mpaka uanze kurukaruka, kisha uondolewe mara moja kwa sababu kati ya kuiva kwake na kuungua kwake hakuna nafasi kubwa.

Asali na siagi ya karanga huwekwa pamoja katika sufuria juu ya moto mdogo. Zikianza kutoa mapovu, koroga kwa dakika chache, kisha dondoshea tone moja ndani ya bakuli la maji baridi. Tone likisambaa, endelea. Likijikusanya na kuwa kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole, ipua. Ukingoja mpaka kidonge kiwe kigumu utapata kashata za kuvunjia meno. Nje ya moto ongeza chumvi, unga wa ubuyu na mchanganyiko mkavu, ukoroge haraka kabla asali haijaanza kukaza, umwage kwenye sinia iliyopakwa mafuta, na uanze kushindilia.

Katika kushindilia wengi hukosa nguvu au subira. Mchanganyiko huu una asali kidogo kuliko kashata za kawaida, kwa hiyo kinachouunganisha ni mkandamizo. Mimi hutumia kitako cha bilauri iliyopakwa mafuta, nikianza pembeni na kuja katikati, tena na tena, mpaka sinia yote iwe na unene wa kidole kimoja na uso wake uanze kung'aa kwa mafuta ya karanga yaliyojitokeza. Hukatwa ingali na uvuguvugu, kwa kisu kipana kinachobonyezwa kutoka juu bila kukokotwa, kisha huachwa ipoe kabisa kabla ya kuguswa. Anayekata ikiwa imepoa atapata makombo, ambayo hayana hasara kwa kuwa yanafaa kunyunyiziwa kwenye uji.

Kwa vipimo hivyo kila kipande kina uzito wa gramu 40 hivi, nguvu ya takriban kilokalori 180, na protini inayokaribia gramu 7, huku sukari yote iliyotokana na asali ikiwa chini ya gramu 8. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa katika chakula isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu huipata kwa siku, na kwamba kuishusha chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, hiyo ni sawa na gramu 50 katika kiwango cha kwanza na gramu 25 katika kiwango cha pili. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 kwa kawaida hubeba zaidi ya gramu 35. Kipande chenye gramu 8 mtoto anaweza kukila na bado akabakiwa na nafasi kwa ajili ya chai yake ya asubuhi; kashata iliyomiminiwa shira haimwachii nafasi yoyote.

Najua watakaonijibu kwamba asali ni dawa na kwa hiyo haihesabiwi. Mwongozo nilioutaja unaihesabu, pamoja na shira na maji ya matunda yaliyokamuliwa, na mwili unaipokea kama sukari nyingine. Nimeichagua asali kwa sababu inanata vizuri, haigandi haraka, na asali nzuri ya Tabora inapatikana huku kwetu bila taabu. Mtu akitumia sukari guru aiyeyushe kwa maji kidogo na kuichuja, kwa kuwa huwa na makapi ya miwa. Kipimo kibaki kile kile. Tende zilizopondwa zinafaa sana, hasa mwezi wa Ramadhani zinapojaa madukani. Ndizi mbivu sizipendekezi kwa kashata za kuhifadhi. Zinaleta unyevu, na unyevu katika joto letu huita ukungu ndani ya siku chache.

Jambo la unyevu linawahusu pia wanaopenda kutumia dengu za kuchemsha, ambazo kwa kweli hutoa kipande laini kinachowafaa wazee wasio na meno imara. Dengu zichemshwe mpaka zilainike, zichujwe, zipondwe pamoja na tende na siagi ya karanga, na mchanganyiko ushindiliwe vilevile. Lakini hicho ni chakula cha kuwekwa kwenye jokofu na kuliwa ndani ya siku tatu. Asiye na jokofu atengeneze kinachotosha siku hiyo hiyo. Kashata kavu, zikiwekwa katika kopo lenye mfuniko unaobana, hukaa wiki mbili bila tatizo, na dalili ya kwanza ya kuharibika huwa ni harufu ya mafuta yaliyokaa muda mrefu, inayotokana na karanga na ufuta.

Kuhusu karanga nina neno zito zaidi. Wasomaji watakumbuka mwaka 2016, watu walipougua na wengine kupoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Karanga hushambuliwa na kuvu hao hao, hasa zikivunwa kwa kuchelewa, zikikaushwa juu ya ardhi tupu au zikilowanishwa wakati wa kubanguliwa, na kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Kwa hiyo karanga za kashata zichaguliwe moja moja: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka na zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku, na yenye uchungu mdomoni itemwe. Siagi ya karanga ni afadhali isagwe kutokana na karanga ulizozichagua mwenyewe, maana katika siagi ya kununua isiyojulikana ilikotoka huwezi kuona kilichosagwa humo. Mwenye wasiwasi na karanga anaweza kuweka mbegu za alizeti au za maboga mahali pake na kusaga ufuta badala ya siagi ya karanga. Ladha itabadilika kidogo, lakini kashata itasimama.

Wapo ambao kitafunwa hiki hakiwafai hata kikitengenezwa kwa uangalifu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kitu chochote chenye asali, kwa kuwa asali inaweza kubeba viini vya bakteria wanaosababisha kupooza kwa watoto wachanga, ugonjwa uitwao botulizimu. Watoto wadogo walio chini ya miaka mitano wasipewe vipande vigumu vyenye karanga nzima, kwa hatari ya kukabwa. Wao waparaziwe na kuchanganyiwa kwenye uji. Wapo wanaodhurika na karanga au ufuta, na mtu wa namna hiyo akila hata kipande kidogo anaweza kuvimba koo. Mgonjwa wa kisukari naye asidanganywe na sifa za dengu akadhani asali iliyomo imefutika. Ahesabu kipande chake kama anavyohesabu chakula kingine cha wanga.

Hili la kudanganywa linanileta kwa wafanyabiashara, ambao sina ugomvi nao. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusajili vyakula na majengo yanayouzia chakula iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mtu anayetaka kutoka katika sinia na kwenda kwenye pakiti anapaswa kupita huko. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nao wana ofisi mikoani na hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Lakini hata kabla ya alama yoyote ya ubora, muuzaji mwaminifu anaweza kuandika kwenye karatasi vitu alivyotumia, akianza na kilichozidi kwa uzito, pamoja na tarehe ya kutengenezwa na onyo kwamba kuna karanga. Orodha ikianza na sukari, mnunuzi atajua. Na maneno kama “hutibu presha” au “huongeza damu kwa siku tatu”, ambayo nimeyasoma kwenye vifungashio vya nailoni visivyo na hata jina la mtengenezaji, hayana nafasi kwenye chakula.

Mwisho nizungumze na kamati za shule, hasa za vijijini ambako mtoto huendesha baiskeli mwendo mrefu asubuhi na kurudi jioni. Kashata haichukui nafasi ya makande wala uji wa shuleni, na shule itakayofuta chakula cha mchana ikagawa kashata itakuwa imewakosea watoto. Inachoweza kufanya ni kujaza pengo la saa nne, wakati ambapo wanafunzi hukimbilia langoni kununua pipi na barafu za rangi. Kuwafukuza akina mama wanaouza hapo hakujawahi kusaidia, kwa kuwa kesho yake hurudi wakasimama hatua chache mbele. Ingefaa zaidi kamati iwaite, iwaonyeshe kipimo cha asali na dengu nilichokieleza, ikague maji, vyombo na karanga zao, na watakaokubali kukifuata waruhusiwe kuuza ndani ya uzio wakati wa mapumziko. Vikao vya mwanzo wa muhula wa Julai ndivyo vinavyofaa kwa jambo hili, kwa sababu wakati huo dengu mpya zinaanza kutoka mbugani, bei yake haijapanda, na mzazi anayelima anaweza kuchangia sado moja kwa ajili ya majaribio bila kuumia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansikimu,
Ngudu, Kwimba, Mwanza.